Mjane wa Nne Darajani

Hilux nyeupe ilikata kona ya mwisho ya mlima, ikayumba juu ya theluji, ikapotea nyuma ya mwamba.

Khopotso Letsika hakugusa breki.

Land Cruiser yake ilinguruma. Gurudumu la nyuma lilitafuna ukingo wa barabara na mawe yakaporomokea bondeni. Redio ya Motorola ikakoroma.

"Mwewe, Mwewe, hapa Mgodini. Unamwona?"

"Namwona."

"Jiwe likivuka Mto Mohokare kuingia Afrika Kusini, 'M'e Khopotso, mama yangu, tumekwisha."

"Mto naujua, Ntate," alimjibu mzee wa Mgodini kwa heshima. "Niachie njia."

Mwanamke huyo alikuwa mpelelezi wa kujitegemea mjini Maseru, Lesotho. Riziki yake ilitokana na waume wasiorudi nyumbani na kondoo waliobadilishwa alama za masikio. Asubuhi hiyo Mgodi wa Letlapeng ulimpa kazi ya aina nyingine. Almasi nyeupe, kubwa kama yai la njiwa, ilikuwa imeibwa kutoka katika kasha la chuma, na mlinzi aliyepigwa alilitaja jina la mwizi kabla ya kuzirai.

Motlatsi Phafoli.

Kwa jina hilo, Khopotso angetoka hata kwa miguu.

Nje kidogo ya mji wa mpakani wa Maputsoe aliikuta Hilux imeachwa kando ya zizi, milango wazi. Alishuka, Beretta mkononi. Hapakuwa na mtu. Juu ya kiti palikuwa na blanketi la kiume, zuri, la bei. Pini yake ya chuma ilikuwa imechomolewa. Chini, penye miguu ya abiria, palikuwa pamedondoka vipande vya kitambaa cheusi, kama vya mtu aliyerekebisha gauni kwa haraka.

Simu yake ya Nokia ikaita juu ya dashibodi ya Land Cruiser.

"Ausi Khopotso!" Sauti ya Motlatsi, ile ile, tamu kama ya mhubiri. "Bado unafukuza waume za watu?"

"Leo nafukuza mwizi."

"Mwizi! Mimi nauza manyoya ya mbuzi tu, dada yangu. Sikiliza. Nitapita mbele yako. Utaniangalia hivi, nami nitakuangalia hivi. Na hutathubutu kunigusa."

"Nani kakwambia?"

"Daraja la Maputsoe limeniambia. Umesahau kilichokufukuzisha kazi?"

Simu ikakatika.

Hakuwa amesahau. Miaka ile wote wawili walikuwa watu wa Idara, wapelelezi wa magendo ya almasi, na kituo chao kilikuwa daraja hilo hilo la Maputsoe. Motlatsi alimwita redioni: mjane aliye kwenye foleni amefunga almasi ndani ya nguo za msiba. Khopotso, mkuu wa zamu, akaamuru mama huyo avuliwe weusi wake mbele ya umati. Haikupatikana hata punje. Na wakati macho yote yakimtazama mama akilia kwa aibu, gari lililobeba mawe lilipita pembeni taratibu. Mbele ya tume Motlatsi aliapa kwamba hakusema neno redioni. Khopotso alifukuzwa. Mjane, 'M'e Matšeliso wa Teyateyaneng, alirudi kwao na jina la wizi, kwani watu walisema alizimeza almasi.

Tangu siku hiyo, kila alipokutana na mjane njiani, Khopotso alimpisha na kuinamisha macho. Motlatsi alilijua hilo. Aibu ya mwenzake alikuwa ameigeuza ngao.

Khopotso alivitazama tena vile vipande vyeusi.

"Umevaa msiba," alisema kwa sauti ndogo. "Mshenzi wewe."

Darajani foleni ilikuwa ndefu, na ndani yake mlikuwa na wajane wanne.

Weusi kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Mablanketi meusi, vitambaa vimefunika nyuso hadi puani kwa ajili ya upepo. Luteni Sekhonyana wa kikosi cha mpakani, kijana mwenye masharubu machanga, alisikiliza maelezo yote, kisha akafuta jasho katikati ya baridi.

"'M'e, usiniambie niwavue wajane. Hawa akina mama watanizika nikiwa hai. Na wewe watakulaza juu yangu."

"Havuliwi mtu. Lango lako la kukagua chuma ni zima?"

"Zima. Lakini almasi si chuma."

"Hata yeye anajua. Ndiyo maana atapita bila wasiwasi. Liwashe."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako. Nyota begani ni zako, si zangu."

Tangazo likatolewa: kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, achomoe pini ya blanketi, aiweke kwenye sinia, apite langoni, kisha aichukue na kulifunga upya.

Manung'uniko yakazuka.

"Yaani tufe baridi kwa ajili ya pini?"

"We mwanangu, hiyo ni pini ya marehemu mama. Ukiipoteza, nahamia kwako!"

"Hamia tu, mama, mke wangu atakupikia ugali!"

Watu walicheka. Khopotso hakucheka. Alisimama kando ya sinia, wala hakutazama uso wa mtu yeyote.

Alitazama mikono.

Mjane wa kwanza alipita. Alichukua pini, akavuta blanketi, akafunga kifuani. Wa pili, kifuani. Wa tatu alisaidiwa na binti yake. Kifuani.

Wa nne alikuwa mrefu, amepinda mgongo, anakohoa. Alipita langoni. Lango lilikaa kimya. Juu ya kitambaa, macho mawili yalimtazama Khopotso, nayo yalikuwa yakicheka.

Upepo wa mto ukalipiga blanketi. Mkono uliovaa glavu nyeusi ukachukua pini, ukavuta, ukafunga.

Bega la kulia.

Ndivyo wafungavyo wanaume wa Basotho. Mkono ule ulikuwa umefunga hivyo tangu ujana, na siku moja ndani ya gauni haikuweza kuufundisha vingine.

Hata hivyo Khopotso alisita. Je, kama ni mama mgonjwa, aliyevurugwa na huzuni? Akikosea mara ya pili, hapana mlango katika nchi hii utakaofunguliwa akibisha.

Hakunyoosha mkono. Alisema tu, polepole:

"Motlatsi. Pini yako iko begani."

Mkono mweusi uliruka ukafunika pini.

Ilitosha.

Mjane wa nne alinyooka, akampiga kikumbo Luteni, akakimbilia ukingo wa daraja. Gauni halikumwelewa. Hatua ya pili upindo ulimnasa miguu, akaanguka kifudifudi, na buti la Khopotso likatua juu ya kitambaa. Beretta ilimtazama kisogoni.

"Nipekue basi," Motlatsi alihema. "Thubutu."

"Sikugusi." Akawageukia wale watatu. "Mama zangu, huyu amevaa nguo yenu. Ichukueni."

Walikuja kimya kimya. Mkubwa wao alipiga goti kwa shida, akakifungua kitambaa cha kichwani.

"Pole sana, Ntate," alisema. "Umefiwa na mume yupi?"

Fundo likafunguka. Jiwe likadondoka juu ya lami, jeupe, likabiringika hadi kwenye kiatu cha Luteni.

Khopotso alichukua redio ya Luteni, akaibonyeza, akaisogeza mdomoni mwa Motlatsi.

"Sema."

"Niseme nini? Jiwe si mmelipata?"

"Jiwe ni la Mgodi. Mimi nataka langu. 'M'e Matšeliso. Sema."

Motlatsi akaona pini tatu zimechomolewa, zi mikononi mwa wajane watatu.

"Alikuwa safi," alisema, na redio zote za daraja zikasikia. "Hakubeba kitu. Mimi ndiye niliyedanganya."

Mtu mmoja kwenye foleni akavua kofia.

Luteni alimkimbilia Khopotso, aliyekuwa tayari mlangoni pa gari. "'M'e! Idara watapiga simu. Watataka urudi."

"Waambie nina kesi ya kondoo."

"Na sasa unakwenda wapi?"

"Teyateyaneng. Kuna mama anapaswa kusikia hili kwa mdomo wangu, si kwa redio."

Aliwasha injini. Mbele ya gari, yule mjane mkubwa alikuwa anavuka barabara, polepole, blanketi limefungwa kifuani. Khopotso alizuia gari, akampisha, kama ilivyokuwa desturi yake.

Safari hii hakuinamisha macho.