Chuma cha Mwanahalima

Kitendawili. Nikiwepo hakuna anionaye; nikiondoka, kila mtu ananitazama. Nini hicho? Fikiri taratibu. Mashaka naye hakukitegua, na ndicho kilichomwangusha.

Alhamisi, saa kumi jioni. Kisarawe, mwaka arobaini na nne, vita havijaisha. Chumba cha nyuma kwa Pazi, dobi wa karani wa ghala. Pasi ya mkaa inafuka. Watu watatu: Pazi mwenyewe; Kibwana, mgeni kutoka kijiji cha Janga, mwenye baiskeli; na Mashaka, mkulima ambaye hajawahi kuiba hata muhogo.

Pazi aliweka ufunguo mezani, mweusi bado kwa moshi wa mhunzi. Ule wa karani alikuwa ameukandamiza kwenye sabuni, karani akioga. Saa ya sala ya Ijumaa ghala la msaada halina mlinzi, akasema. Mji mzima uko msikitini. Yeye atalinda njia. Kibwana atapeleka mablanketi na maziwa ya kopo kwa mnunuzi huko Janga.

"Na wewe, bwana mihogo, utauza nini?" Kibwana alimtania Mashaka.

"Siuzi. Nataka chuma cha mguu. Kina jina la mtoto wetu."

Mwanahalima, binti wa dada yake Zena, alikuwa na miaka sita na mguu wa kushoto usiomtii. Baba yake askari, yuko Burma. Daktari alimpima mtoto, chuma kikatengenezwa Dar es Salaam, kikaja, kikafungiwa ghalani. Karani anangoja barua ya kibali. Mara tisa Zena alimbeba mtoto mgongoni kwenda kukidai. Mara tisa aliambiwa kesho. Na mtoto anakua. Chuma hakikui.

Ijumaa, saa sita na nusu. Adhana. Pazi alifungua kufuli, akaufundika ufunguo pindoni mwa msuli wake.

"Haraka. Mimi niko hapa njiani."

Saa saba kasorobo. Kibwana alipakia mpaka baiskeli ikalia, akaondoka bila kuaga. Mashaka alipekua makasha, jasho likimwingia machoni, hadi akakiona: chuma, ngozi, kikaratasi kwenye uzi. Alitoka mbio. Njiani hapakuwa na Pazi.

Saa nane. Nyumbani, Zena alimfunga mtoto chuma. Mkanda ulishika tundu la mwisho kabisa. Mwanahalima alisimama, akashika ukuta, akauachia.

Hodi. Jumbe Mwinyijuma, na nyuma yake Pazi, kofia nyeupe kichwani.

"Shikamoo, Jumbe," Mashaka alisalimu.

"Marahaba."

Jumbe alieleza kwamba ghala limekutwa wazi, limeibwa. Miaka kumi na moja, kila Ijumaa, bega la Mashaka liko kando ya bega lake, wala hajawahi kuliwaza. Leo safu ilikuwa na pengo. Pazi, aliyeingia amechelewa, ndiye aliyemwonyesha pengo hilo kwa kidole baada ya sala, na Jumbe akamwambia wafuatane moja kwa moja mpaka hapa.

"Leo ulisali wapi, Mashaka?"

Zena alitazama sakafu. Pazi alikohoa.

"Jumbe, chuma hicho hapo. Mtoto avuliwe, ni ushahidi."

"Nimemuuliza yeye."

Mwanahalima aliushika tena ukuta. Mashaka aliutazama msuli wa Pazi. Fundo lilikuwa palepale.

"Sikusali, Jumbe. Nilikuwa ghalani. Pazi ndiye aliyenifungulia, akaenda kusali na ufunguo pindoni. Mwambie afungue fundo lile."