Kengele ya Friza la Samaki

Kila Jumamosi asubuhi Kokulinda alifagia kibanda cha mama yake katika soko la Mkuyuni, akafuta meza ya samaki, kisha akakaa kujisomea. Alikuwa darasa la sita, na kwa Kiingereza hakuwa na mpinzani shuleni. Jirani akipata ujumbe wa Kiingereza kwenye simu, alimwita Koku. Mama yake alitembea kifua mbele kwa ajili yake.

Kwa hiyo mama aliponunua friza la mtumba, ni Koku aliyeambiwa asome karatasi iliyobandikwa kwenye mfuniko. Iliandikwa: "If the alarm goes off, check the lid."

Koku alijua "go" ni kwenda, na "off" aliwahi kuiona kwenye swichi. "Kengele ikizimika, angalia mfuniko," akasema.

"Na ikilia?" mama akauliza.

Hapo Koku hakuwa na uhakika. Lakini majirani walikuwa wanamsikiliza, akaona haya kusema hajui. "Ikilia, ujue friza linafanya kazi vizuri."

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda mwaloni, kule ziwani wavuvi wanakoshushia samaki, kununua wengine, akamwachia Koku kibanda pamoja na mdogo wake, Alexander. Friza lilikuwa limejaa samaki aina ya sato, walioagizwa kwa sherehe ya kipaimara huko Buswelu. Jua lilipokuwa kali, kengele ikaanza kulia: tii, tii, tii!

"Dada, inalia!"

"Iache. Ndivyo inavyotakiwa."

Kengele haikukoma. Koku akaisoma tena ile karatasi. Je, kama alikosea? Sato wakiharibika, nani ataagiza samaki kwa mama tena?

"Alex, kaa hapa!" akasema, akatimua mbio hadi kwa Mwalimu Rutashobya, mwalimu wake wa Kiingereza, aliyeishi nyuma ya soko.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Mwalimu, 'go off' maana yake nini? Nilimwambia mama ni kuzimika, lakini nilibahatisha tu. Sasa kengele ya friza inalia."

"Kwa taa, 'go off' ni kuzimika, hapo hukukosea. Lakini kwa kengele ni kulia! Na kwa samaki..." Mwalimu alikuwa amekwisha kuvaa viatu. "Kwa samaki ni kuoza. Twende!"

Walikuta mkia wa sato umebanwa kwenye ukingo, mfuniko haukufungika sawasawa. Koku akausukuma mkia ndani, akafunga mfuniko. Samaki wa juu walikuwa wameanza kulainika, lakini hawakuwa wameharibika. Baada ya muda kengele ikanyamaza.

Mama aliporudi, Koku alimweleza yote, hata lile la kubahatisha mbele ya majirani. Akainamisha kichwa, akingoja kugombezwa.

Mama akafungua friza, akabonyeza sato mmoja baada ya mwingine kwa kidole. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Ungesema hujui siku ile, Koku, tusingehangaika," alisema. "Lakini leo ulikimbia kuuliza, hukujali nani atakucheka. Na umeniambia ukweli wote. Hilo limenipa fahari kuliko Kiingereza chako chote. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kubahatisha, ukawapoteza wanaokuamini."