Mpaka Haujapita Mtoni Bado

Aoko alikuwa akipanga nyanya kwenye kibanda chake kijijini Kisian, Bwana Ooko alipopita. Ooko alikuwa mpambe wa mwanasiasa mmoja.

"Kijiji chenu kinahamishwa!" alisema. "Sasa ni cha wadi ya ng'ambo ya mto. Mtapigia kura huko."

"Nani ameamua?" Aoko aliuliza.

"Ramani imeshachorwa, Mama. Wewe uza nyanya."

Aoko alikasirika. Mto ule hufurika mvua ikizidi, na daraja ni magogo mawili tu. Mama mkwe wake, Seline, hutembea kwa magongo. Angevukaje kwenda kupiga kura?

Alifunga kibanda, akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Nakhungu, aliyewahi kuwa karani wa uchaguzi.

"Ooko amekudanganya," Mwalimu alisema. "Hilo ni pendekezo tu. Tume ya uchaguzi hupitia mipaka kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Inataka idadi ya watu kwenye wadi ikaribiane. Lakini ni lazima pia iangalie mito, barabara na mambo yanayowaunganisha watu. Na sheria inasema iwasikilize wananchi kwanza."

"Hata sisi wauza nyanya?"

"Hata nyinyi. Andikeni sababu zenu, mtie sahihi. Na msitukane mtu."

Wiki nzima Aoko alipita nyumba kwa nyumba. Watu mia mbili na kumi na wanne walitia sahihi. Wasiojua kuandika waliweka kidole gumba.

Siku ya kikao cha tume cha kuwasikiliza wananchi, Aoko na wenzake walimkuta Ooko amesimama mlangoni mwa ukumbi. "Wanawake wa soko wanatafuta nini hapa?"

"Tunatafuta viti," Aoko alijibu, akampita.

Zamu yake ilipofika, Aoko alishika maikrofoni.

"Njooni mvuke mto na Mama Seline mwezi wa nne," aliwaambia maofisa. "Mkifika ng'ambo salama, tutahama bila neno."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ofisa mmoja alipokea karatasi zao.

"Na mkitukatalia?" Aoko aliuliza.

"Mipaka ikishachapishwa kwenye gazeti la serikali, mna siku thelathini za kwenda Mahakama Kuu."

"Basi tutaonana huko pia."

Hawakuhitaji kwenda. Ramani ya mwisho ilipotoka, mpaka ulifuata mto. Kijiji kilibaki kwenye wadi yake.

Siku ya uchaguzi, Seline alipiga kura katika shule ya msingi iliyo karibu na kwake. Karani alinyoosha mkono ili amtumbukizie karatasi sandukuni.

"Wacha, mwanangu," Seline alisema. "Hii naweka mwenyewe."