Kichupa Kilichomwagika

Kila asubuhi, kabla ya shule, binti wa mshonaji alimbeba mgongoni mdogo wake wa mwaka mmoja, akafagia chumba cha cherehani na kuokota pini sakafuni. Siku moja alikuwa na kazi nyingine. Mama yake alikuwa amepasuliwa shingo kuondolewa tezi yenye saratani. Muuguzi wa hospitali, kwa kukosa mtu mzima wa kumtuma, alimkabidhi binti kichupa chenye kipande cha tezi hiyo akipeleke maabara moja kwa moja.

Moja kwa moja? Thubutu. Alipita kwanza kwa wenzake kujigamba. Alipofungua kifuniko wakione, kichupa kilimponyoka na dawa ya kuhifadhia ikamwagika yote. Wenzake walitawanyika wakicheka. Yeye alikaa na kipande chake juani hadi mchana, kisha akakirudisha kichupani na kujaza maji ya bomba.

Mtaalamu wa maabara, mwanamke asiye na maneno mengi, alimuuliza kama dawa ilimwagika.

"Hapana, shangazi," alijibu, macho makavu.

Seli zikiteswa na joto hutengeneza protini za kujikinga, na dawa ile ndiyo huzizuia zisitengenezwe. Protini hizo ndizo mtaalamu alizokuwa akipima, naye alizikuta nyingi mno, dalili ya saratani isiyosikia tiba. Daktari alipoona majibu alimwambia mama kwamba saratani yake inaonekana sugu, ajiandae kwa lolote.

Mama alijiandaa kishonaji. Alimpeleka yule mtoto wa mwaka mmoja kwa mama mkubwa, mji wa mbali, amzoee mapema. Kisha aliketi kwenye cherehani akamshonea mtoto mashati ya kuvaa mama akiwa hayupo: la miaka miwili, la mitatu, la minne. Binti aliyakunja miezi miwili bila kukiri, moyo ukimsuta. Moyo mgumu alikuwa nao, tuseme ukweli. Alipopewa akunje shati la mdogo wake la kuanzia darasa la kwanza, alilirudisha juu ya cherehani, akasema yote.

Mama hakumpiga. Alimshika mkono hadi maabara, na huko binti akarudia kila neno. Bahati nzuri hospitali ilikuwa imehifadhi kipande kingine. Kilipopimwa, protini zilikuwa chache, na daktari akasema ugonjwa unatibika.

Mtaalamu alimwita binti pembeni. "Kumwaga dawa ni ajali, na ajali haina kinga. Uongo unayo. Ungesema siku ile, ningeagiza kipande kingine saa ileile."

Jumapili mama mkubwa alimrudisha mtoto. Mama alinyoosha mikono mlangoni. Mtoto alimtazama kama mgeni, akamng'ang'ania mama mkubwa na kulia, "Mama, mama."

Binti aliinamisha kichwa.

"Usiangalie chini," mama alimwambia, mikono yake bado mitupu. "Mwangalie mdogo wako. Ukikosea tena, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado lako peke yako."