Sauti ya Benafsha

Kila asubuhi Marwarid alipomaliza kuoka mikate na kufagia ua, alijitanda shungi lake jeusi, akabeba mkasi na kitambaa, akapita vichochoroni hadi nyumbani kwa Mwalimu Homaira. Majirani pale Kabul waliambiwa kuwa wasichana wale wanajifunza ushonaji. Vyerehani vilikuwepo kweli, lakini katika chumba cha ndani walisoma hesabu na sayansi, kwa sababu watawala walikuwa wamefunga shule za wasichana wa umri wao.

Marwarid alizoea kuwa wa kwanza darasani. Kwa hiyo Mwalimu alipoleta habari ya mjumbe mmoja mwanamke kutoka Ulaya, Marwarid alijua zamu yake imefika. Mjumbe alikuwa anakuja kuzungumza na watawala, nao walikuwa wameweka sharti kwamba mwanamke yeyote wa Afghanistan asikanyage katika kikao. Mjumbe akamwomba Mwalimu, kupitia mkalimani wake, walau apate sauti ya msichana mmoja ya kupeleka kikaoni. Wasichana wote wakazungumza mmoja mmoja, Mwalimu akawarekodi katika simu yake.

Aliyechaguliwa alikuwa Benafsha, jirani yake Marwarid, msichana mpole ambaye hata hesabu za sehemu zilimtoa jasho. Alikuwa ameeleza jinsi dada yake alivyofariki akijifungua, kwa kuwa mkunga hakupatikana, na kwamba yeye anataka kusomea ukunga.

Wenzao walimkumbatia. Marwarid naye alimkumbatia, lakini moyo ulikuwa unamchoma kama aliyemeza kaa la moto. Yeye ndiye aliyemfundisha huyu kugawanya! Benafsha aliomba kusikiliza sauti yake tena, kisha akaiweka simu juu ya cherehani. Mwalimu alipokwenda jikoni kuchemsha chai, Marwarid aliichukua, akaifuta ile sauti. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

Kesho yake Mwalimu aligundua kuwa sauti imefutika. Mkalimani wa mjumbe alikuwa anakuja adhuhuri kuichukua. Macho yote yalimgeukia Benafsha, kwa kuwa ndiye aliyeonekana na simu mara ya mwisho.

“Labda nilibonyeza vibaya,” Benafsha alisema, machozi yakimtiririka. “Nisameheni. Mpelekeeni ya Marwarid. Yeye anazungumza vizuri kuliko mimi.”

Hicho ndicho Marwarid alichokitaka usiku kucha, na sasa alipopewa, hakukitaka tena.

“Si yeye,” alisema kwa sauti ndogo. “Ni mimi niliyefuta. Nilimwonea wivu.”

Mwalimu Homaira hakumfokea. Aliwaambia wengine wapishe, akawaacha wawili hao na simu. Benafsha akasema hawezi tena. Marwarid aliketi mbele yake.

“Usizungumze na simu,” alimwambia. “Niambie mimi. Dada yako alikuwa mtu wa namna gani?”

Benafsha alimtazama, bado ana uchungu. Kisha akaanza kusimulia, simu ikirekodi kando yao.

Jioni ile ile, baada ya kikao, mkalimani alirudi kuwapa habari. Mjumbe alikuwa ameiweka mezani simu yenye sauti ya Benafsha. Mzee mmoja wa upande wa watawala alilalamika kwamba walikubaliana pasiwe na wanawake wa nchi hii. Mjumbe akamjibu kuwa hakuna aliyeingia, lakini hatajadili barabara wala misaada kabla hawajaisikiliza sauti hiyo. Wakaisikiliza hadi mwisho, na yule mzee hakuinua macho. Shule hazikufunguliwa siku hiyo. Hata hivyo, suala la shule na wakunga liliwekwa kuwa la kwanza katika kikao kitakachofuata, na mjumbe alisema hatarudi mezani likiondolewa.

Wasichana walishangilia kwa kunong’ona. Marwarid alibaki pembeni, na Mwalimu Homaira akaketi karibu naye.

“Bado unaona wivu?”

“Kidogo, Mwalimu.”

“Wivu humpata kila mtu, mwanangu. Ubaya ni kuutii. Wale wanatunyamazisha kwa bunduki na amri, nasi tunawalaumu, na ni haki yetu. Lakini jana msichana alinyamazishwa humu ndani, na aliyefanya hivyo alikuwa mwenzake. Tukitaka wao watusikilize, lazima tuanze kusikilizana sisi wenyewe. Ulipokiri ukweli, ulimrudishia sauti yake. Sasa nenda ukakae naye.”

Benafsha alimwona akija. Hakutabasamu, ila alisogea kidogo, akamwachia nafasi mkekani.