Nani Alikuwa Anang'oa Piquet Zangu?

"Mama!! Weye?!"

Nilisema hivyo tu...

Jua lilikuwa halijapanda vizuri. Pale kwenye site ya wakimbizi, pembeni ya mto Ngezi, mama yangu mzazi amekaza kitenge kiunoni, ameinama, anang'oa piquet zangu. Anang'oa, anatupa. Anang'oa, anatupa!

Ngoja nieleze kwanza, maana naona mtaanza kuniuliza piquet ni nini.

Naitwa Ketsia. Nasoma master ya urbanisme hapa Bunia, ile elimu ya kupanga miji: barabara ipite wapi, maji yaingie wapi, watu wajenge wapi. Mémoire yangu, kile kitabu cha kumalizia masomo, ilikuwa juu ya site hiyo hiyo, ambako Mama anaishi chini ya bâche, yaani turubai, tangu tulipokimbia vita kwetu Nizi. Mimi nalala mtaa wa Saio kwa Tantine Gertrude, karibu na masomo.

Nilikuwa nimechora barabara ya kupita katikati, ili gari la maji liweze kuingia. Promoteur wangu, mwalimu anayenisimamia, akaniambia:

"Mademoiselle, karatasi haitoshi. Piga piquet chini, jury ikuye kuona. Vendredi kama haziko, hakuna défense."

Hakuna défense, maana yake Ijumaa sitetei mémoire mbele ya jury ya walimu, na mwaka umekufa!

Sasa kila nikizipiga, kesho yake hazipo. Vijiti vya mbao tu, vimepakwa rangi nyekundu. Nani anavitaka?

Nikamshuku Héritier, tunayesoma naye. Nikamuwakia mbele ya wenzetu wote.

"Ni weye! Unanionea wivu!"

Kijana wa watu akaniangalia. Akasema polepole:

"Ketsia, kesho ukuye asubuhi mapema. Ujionee na macho yako. Mimi siwezi kukuambia."

Ndiyo nikaja. Ndiyo nikaona... Uchungu nilioupata pale, hata adui yangu simwombei.

"Mama, unajua hii ni nini? Ni masomo yangu unang'oa!"

"Najua."

"Unajua?! Na unaendelea?!"

"Usinipigie kelele. Batu bangali banalala."

"Mama, hii njia ni ya maji! Weye mwenyewe unapanga mustari na bidon kila siku! Na hapa hakuna kitu, ni fasi ya bure!"

Akasimama wima.

"Ya bure? Nani alikuambia iko ya bure? Uliuliza nani?"

Kweli sikuuliza mtu. Nilipima, nikachora, nikaangalia picha iliyopigwa kutoka juu. Ilionyesha uwanja mtupu katikati ya mahema, basi nikaandika kwamba hapo ni wazi. Darasani ndivyo tunavyofanya.

"Siye bamama njo tulikatalia batu kutandika bâche hapa," Mama akasema. "Mutu akifiwa, batakaa wapi? Bâche na bâche zinagusana, hata mukeka moja haienei. Matanga yote tunafanyia hapa. Immaculée alilia mutoto wake hapa. Muzee Ézéchiel alilia muke yake hapa. Na mimi..."

Akaokota piquet moja chini, hakuitupa.

"Na weye nini, Mama?"

"Mimi bado sijakaa matanga yangu."

Mungu wangu!

Ndugu zangu, tangu tukimbie, kila mtu akiuliza habari za Papa, Mama anajibu: "Alibaki Nizi kuchunga nyumba, atakuya." Nami naitikia: "Eee, atakuya." Lakini mimi nilikuwa najua! Nonko Fabien, kaka yake Mama, alishanipigia simu zamani. Papa aliuawa njiani. Akaniapisha: "Usimuambie mama yako. Iko na tension, ile presha, utamuua."

Basi nikameza. Nikamlilia Papa chini ya mto, kwa Tantine, nimeuma shuka.

"Mama... hayo matanga ni ya Papa?"

Akageuka kama amepigwa.

"Weye unajua?!"

"Nonko Fabien aliniambia."

"Fabien?! Fabien njo aliniambia na mimi! Akasema nisikuambie, utaacha masomo!"

Mnaona jamani?! Mtu mmoja, siri moja, ametugawia sote wawili tufichane! Mama analia peke yake chini ya bâche, mimi nalia peke yangu Saio, tukikutana tunachekeana na kuambiana atakuya, atakuya...

Alidhani anatusaidia. Bado nina hasira naye.

Tukaanguka chini pale pale kwenye vumbi. Mama akatoa sauti, ile ya matanga, ambayo alikuwa ameifunga kifuani miaka yote. Akina mama wakatoka kwenye mahema, mmoja mmoja, wala hakuna aliyeuliza. Immaculée akaleta mkeka.

Tukamlilia Papa Anaclet bila mwili, bila kaburi. Ijumaa ikafika, ikapita. Héritier alikuja kubeba kuni. Nilipomwomba msamaha, akasema tu:

"Ningekuambia namna gani, ati mama yako njo mwizi?"

Mwaka ule ukafa kweli. Nikarudia.

Jury nyingine ilipokaa, mmoja akanyoosha kidole kwenye plan yangu.

"Hii barabara inazunguka. Mbona umepoteza fasi kubwa hivi katikati?"

"Haikupotea, Professeur. Hapo ni pa kulilia wafu wetu."

Professeur akashusha kidole. Nikapita.

Sasa mtu akimuuliza Mama habari za bwana wake, anasema: "Alikufa." Analia kidogo, halafu anakula.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna msiba unamficha mtu wa nyumbani kwako ukisema unamlinda, nenda ukakae naye leo, umwambie. Huenda naye anajua... na analia peke yake kwa ajili yako.