Dakika Moja ya Kimya Chumbani kwa Naoki

Watu wa filamu niliwapeleka mimi nyumbani kwa mama mdogo Hisae, kule Nagaoka. Sina wa kumlaumu. Mwongozaji Sugimori alitaka kusimulia habari za kijana aliyejifungia chumbani, nami nikajisifu kwamba chumba cha namna hiyo nakijua. Kilikuwa cha binamu yangu Naoki. Alikaa humo miaka kumi na mmoja, na ukoo mzima tukawa tunawaambia majirani yuko kazini Osaka. Hata alipofia humo, tulisema amefia Osaka.

Kila siku mama yake alimwekea sinia la chakula mlangoni, na kila siku alilikuta tupu. Neno hakusikia.

"'Ahsante kwa chakula' hata mtoto wa miaka miwili anasema," aliniambia siku ya mwisho ya kazi, akikata vitunguu. "Wangu kaninyima. Sijui nilimkosea nini, Yoshiki. Sugimori kaniahidi mwigizaji atalisema. Nataka nilisikie tu, likitoka nyuma ya ule mlango."

Akapika wali, supu ya soya na samaki wa kuchoma. Mwigizaji akalivuta sinia ndani, akafunga mlango. Basi. Lile neno Sugimori alikuwa amelifuta kwenye mswada.

"Shukrani itaharibu uchungu, mama," alimwambia.

Mama mdogo akainama, akaomba radhi kwa usumbufu. Iliniuma, lakini niliendelea kupanga vifaa vyangu.

Kazi yangu ni sauti. Kabla ya kuondoka mahali, hurekodi dakika moja ya kimya cha chumba, ya kuzibia mapengo ya sauti wakati wa kuhariri. Wenzangu wakatoka nje kwenye theluji. Ilikuwa saa nane mchana. Nikakagua chumba: hakuna mtu, sinia limejaa, chakula kimepoa. Nikaacha kipaza sauti ndani, nikafunga mlango na kukaa juu ya ngazi, vipokea sauti masikioni.

Sekunde kumi. Kimya.

Ishirini. Mkeka ukalia, kama umekanyagwa.

Mtu akatafuna. Taratibu. Vijiti vya kulia vikawekwa chini. Kisha sauti niliyoijua tangu utotoni, karibu mno na kipaza sauti.

"Ahsante kwa chakula, mama."

Sugimori alipanda, akasikiliza.

"Nani huyo mpuuzi? Futa, rudia."

Nikafuta. Niliogopa, na nilitaka anichukue kwenye filamu yake ijayo. Nilipofungua mlango, sinia lilikuwa tupu.

Mama mdogo alikuwa amesimama chini ya ngazi.

"Umesikia chochote?" alininong'oneza.

"Hamna kitu, mama mdogo."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuosha vyombo. Alifariki mwezi Machi, bila kujua.

Tangu hapo, kila nirekodipo kimya, nyumba yoyote ile, nasikia vijiti vikiwekwa chini. Nilishaanza kuzoea. Jana, studioni, mlango umefungwa, viliwekwa jozi mbili. Halafu mwanamke akaninong'oneza sikioni.

"Umesikia chochote?"

Nimeifuta rekodi hiyo mara nne. Bado ipo.